NANI AMPIMAYE MWALIMU WA UDEREVA?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Halmashauri za Walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia



Mmezoea kuziona Kamati zetu zikishughulikia migogoro ya mashamba, mirathi ya wajane, ujira wa vibarua na mwenendo wa mabaraza ya kata. Leo mada yetu yamhusu mwalimu wa udereva. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: Je, jambo hili si la askari wa usalama barabarani na Mamlaka ya Mapato? Latuhusu nini sisi? Nawaomba mnisikilize kwa uvumilivu. Natumaini kuwaonyesha kwamba latuhusu sana, na kwamba lipo swali moja ambalo jamii yetu haijazoea kuliuliza.

1. UHAI BARABARANI NI SUALA LA HAKI

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walipoteza maisha kwa ajali za barabarani. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Katika Kanda ya Afrika walikufa watu 19 kwa kila wakazi 100,000. Katika Kanda ya Ulaya walikufa 7. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna ugonjwa wala balaa linaloua wengi kuliko ajali za barabarani.

Tena, zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wale wa pikipiki. Ni mama aliyetoka gulioni na kikapu kichwani, ni mtoto anayekwenda shule, ni kijana wa bodaboda na abiria wake. Hapa ndipo suala la haki linapojitokeza. Anayeamua dereva afundishwe vizuri au vibaya ni mmoja, na anayelipa gharama ya uamuzi huo ni mwingine. Mpita njia hakuulizwa, hakupokea ada wala hakutia sahihi cheti; lakini mifupa inayovunjika ni yake.

Mafundisho ya Kanisa hayakukaa kimya. Amri ya Tano yatulinda sote, na Katekisimu, katika namba 2290, yafundisha kwamba anayehatarisha maisha ya watu kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi ana hatia kubwa. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la Huduma ya Kichungaji kwa Wahamiaji na Wasafiri lilitoa mwongozo mzima kuhusu uchungaji wa barabarani. Lakini sisi wahubiri, tukizungumzia ajali, mara nyingi twamwelekea dereva peke yake. Twamwambia aache pombe, apunguze mwendo, asimame kwenye kivuko. Ni sawa kabisa. Hata hivyo, wahenga walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Dereva naye ameundwa. Ni nani aliyemuunda, na huyo muundaji alipimwa na nani?

2. KUJUA KUENDESHA SI KUJUA KUFUNDISHA

Watu wengi hudhani kwamba mtu akiendesha lori miaka ishirini bila ajali, basi amefaa kuwa mwalimu. Dhana hii haina msingi. Wako wanahisabati hodari ambao darasa zima likiwasikiliza hutoka bila kuelewa neno. Vivyo hivyo, dereva mzoefu hufanya mambo mengi bila kuyawaza: mguu wake waijua klachi, jicho lake hukimbilia kioo cha pembeni lenyewe. Kwa kuwa hafikiri tena, hawezi kueleza. Akiulizwa na mwanafunzi, "Mwalimu, ulijuaje kwamba yule mtoto angevuka?" atajibu, "Utazoea tu." Huko si kufundisha.

Natoa mfano. Mwanafunzi anakaribia kivuko cha pundamilia kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita karibu meta 14 kwa kila sekunde moja. Daladala limesimama kushoto, karibu na kivuko. Mwalimu wa kwanza amekaa kimya, anaangalia simu yake, ghafla anapiga kelele: "Breki! Breki! Huoni?" Gari linasimama kwa mshtuko, mwanafunzi anatetemeka, kisha safari inaendelea. Amejifunza nini? Amejifunza kumwogopa mwalimu. Kuhusu kivuko hajajifunza lolote.

Mwalimu wa pili ameliona daladala mapema. Anasema kwa utulivu, na kwa wakati: "Punguza mwendo. Mbele ya lile gari kunaweza kuwa na mtu usiyemwona." Kama mwanafunzi hakutekeleza, mwalimu anakanyaga breki iliyo upande wake, kabla hatari haijawa ajali. Kisha anamwelekeza mahali salama pa kuegesha, anazima gari, na kuuliza: "Uliona nini? Ni nani angeweza kutokea? Tukirudi pale, utafanyaje?" Anamwacha mwanafunzi ajibu mwenyewe. Baadaye wanarudi kwenye kivuko kile kile, mara ya pili na ya tatu, mpaka mwanafunzi apunguze mwendo bila kuambiwa.

Walimu hawa wawili wana leseni ya daraja lile lile, na huenda wote wawili ni madereva hodari. Mtihani wa udereva hauwezi kuwatofautisha. Wawezao kututofautishia ni watu wanaopima ufundishaji wenyewe.

3. JINSI UFUNDISHAJI UNAVYOWEZA KUPIMWA: MFANO WA UINGEREZA

Atauliza mtu: Je, ufundishaji wapimika? Wapimika. Nimechagua mfano wa Uingereza kwa sababu mbili. Kwanza, utaratibu wao umeandikwa waziwazi, hata mwananchi wa kawaida aweza kuusoma. Pili, desturi yetu ya kuendesha upande wa kushoto twaishiriki pamoja nao, hivyo mambo mengi ya barabarani yanafanana na yetu.

Nchini humo mtihani wa udereva ulifanywa kuwa wa lazima mwaka 1935. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo mtu yeyote aliweza kupokea fedha na kufundisha. Mwanafunzi alipimwa, mwalimu hakupimwa. Mwaka 1964 serikali ilianzisha daftari la walimu waliothibitishwa, la hiari. Mwaka 1970 daftari hilo likawa la lazima: asiyeandikishwa haruhusiwi kufundisha kwa malipo. Yaani, tangu kumpima mwanafunzi hadi kumpima mwalimu ilipita miaka 35. Tusidhani basi kwamba wenzetu walizaliwa na utaratibu huo, waliufikia polepole.

Leo anayetaka kuwa mwalimu huko huchunguzwa kwanza rekodi zake za makosa ya jinai, ili ijulikane kama ni mtu anayestahili kuaminiwa. Kisha hupitia hatua tatu. Ya kwanza ni ya nadharia: maswali 100, pamoja na picha za video za kupima uwezo wa kutambua hatari mapema. Ya pili ni kuendesha kwake mwenyewe, kwa kiwango cha juu kuliko cha dereva wa kawaida. Ya tatu ni kufundisha: mkaguzi huketi ndani ya gari kwa muda wa saa moja hivi, akimtazama akifundisha. Hatua ya pili na ya tatu, mtu hupewa nafasi tatu tu kwa kila moja. Akishindwa mara zote, safari yake yakoma, na hana budi kusubiri kabla ya kuanza upya.

Katika hatua ya tatu mkaguzi hutazama mambo 17, yaliyogawanywa katika mafungu matatu.

(a) Upangaji wa somo, mambo 4. Je, mwalimu ametambua mahitaji ya mwanafunzi huyu? Je, mahali pa mazoezi panafaa kwa kiwango chake? Je, mpango ulibadilishwa pale mwanafunzi aliposhindwa au alipoelewa upesi?

(b) Udhibiti wa hatari, mambo 5. Je, mwanafunzi alielewa ni nani anabeba jukumu gani la usalama? Je, maelekezo yalikuwa dhahiri na yalitolewa mapema? Je, mwalimu alikuwa macho juu ya barabara na juu ya mwanafunzi? Je, aliingilia kati kwa wakati wake? Je, baada ya tukio la hatari alimweleza mwanafunzi kilichotokea?

(c) Mbinu za kufundisha na kujifunza, mambo 8. Miongoni mwake: Je, maelezo ya kitaalamu yalikuwa sahihi? Je, maswali ya mwanafunzi yalijibiwa? Je, mwanafunzi aliongozwa kuchambua makosa yake mwenyewe? Je, mwalimu alimheshimu, bila ubaguzi wa namna yoyote?

Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla kamili ni 51. Apataye 43 au zaidi hupewa daraja A. Apataye 31 hadi 42 hupewa daraja B. Aliye chini ya hapo ameshindwa. Lakini zingatieni sharti hili: akipata alama 7 au pungufu katika fungu la udhibiti wa hatari, ameshindwa hata kama jumla yake ni nzuri. Ufasaha wa maneno hauwezi kufidia uzembe juu ya uhai.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa: kipimo hakiishi siku ya kwanza. Tangu Aprili 2014 mwalimu hukaguliwa akiwa kazini kwa mambo hayo hayo 17, walau mara moja katika kila kipindi cha miaka minne ya usajili wake. Akishindwa mara tatu mfululizo, aweza kuondolewa katika daftari.

Sisemi kwamba utaratibu huu peke yake ndio uliopunguza vifo. Katika Uingereza mwaka 1966 walikufa watu karibu 8,000 barabarani; mwaka 2023 walikufa 1,600 na ushei, ingawa magari yameongezeka mno. Hapo kuna mchango wa mikanda ya viti, sheria za ulevi, barabara bora, magari imara na hospitali. Mwalimu bora ni nguzo moja tu katika jengo. Lakini jengo lisilo na nguzo hiyo hulemea.

4. HALI YETU

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ndiyo msingi. Polisi hupima madereva, na Mamlaka ya Mapato hutoa leseni. Tunavyo vyuo vya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na tunacho Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Dar es Salaam, ambavyo hutoa mafunzo ya udereva. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2020, walitoa kanuni zinazotaja kwa pamoja shule za udereva, wakufunzi wa udereva na leseni za udereva. Hizi ni dalili njema. Zaonyesha kwamba serikali zimetambua kuwa mwalimu ni kiungo muhimu.

Hata hivyo, karatasi iliyotundikwa ukutani ni jambo moja, na somo linalotolewa ndani ya gari ni jambo jingine. Ninyi mnaishi mitaani na mnaona. Mnajua kama kijana wenu alifundishwa saa ngapi, au alizungushwa uwanjani siku mbili tatu na kukabidhiwa cheti. Mnajua kama alifundishwa usiku, au kwenye mvua, au kwenye kipilefti chenye msongamano. Mnajua kama wanafunzi watano walirundikwa katika gari moja, wanne wakisubiri zamu huku saa zao zikihesabiwa. Na vijana wengi wa bodaboda mwajua walifundishwa na nani: walifundishwa na rafiki, jioni moja, kwenye uwanja wa mpira.

Mithali yasema: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Dereva asiyefunzwa na mwalimu hufunzwa na barabara. Na barabara hutoza ada kubwa, tena mara nyingi huwatoza wasiohusika.

5. HAKI TATU ZINAZOVUNJWA

Ya kwanza ni haki ya mwanafunzi. Kijana ameuza mbuzi, au mama yake amekopa katika kikundi cha kuweka na kukopa, ili alipe ada. Akipewa mafunzo ya nusu, ameibiwa. Wizi huu hauonekani kwa sababu mwisho wake anapewa cheti, naye anatoka akifurahi. Atautambua siku atakapokuwa na abiria nyuma yake na hatari mbele yake.

Ya pili ni haki ya heshima. Ndani ya gari mwalimu na mwanafunzi huwa wawili tu, na mwalimu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya nani yu tayari kwa mtihani. Mamlaka ya namna hiyo yakikosa usimamizi huzaa rushwa; na kwa mabinti zetu huzaa hata madai ya aibu. Matusi na vitisho navyo si njia ya kufundishia. Ndiyo maana kumchunguza mwalimu tabia yake si jambo la ziada, bali ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Ya tatu ni haki ya mpita njia, ambayo nimekwisha kuieleza. Anayenunua cheti na anayekiuza wanafanya biashara kwa mali isiyo yao, yaani usalama wa watu wengine. Wazazi, nanyi naomba mnisikie: kumtafutia mwanao leseni kwa njia ya mkato si kumsaidia. Ni kumkabidhi silaha asiyoijua.

6. PINGAMIZI MOJA

Wapo watakaosema: "Padre, ukidai vipimo vingi, ada itapanda, na maskini atakosa hata hiyo kazi ya udereva." Pingamizi hili ni la haki, nalo halipaswi kupuuzwa. Vijana wengi wanategemea usukani kwa riziki yao.

Jibu langu ni hili. Kwanza, maskini hulipa tayari. Hulipa ada kwa mafunzo hafifu, kisha hulipa faini, matengenezo ya gari la tajiri wake, gharama za hospitali, na pengine kifungo. Pili, kupima ufundishaji hakuhitaji mitambo ya gharama. Chahitajika kiti cha nyuma, mkaguzi mwaminifu, karatasi yenye orodha ya mambo ya kutazama, na saa moja. Tatu, kipimo kizuri humlinda mwalimu mwema. Leo mwalimu anayefundisha kwa uaminifu saa zote anazodaiwa hushindana na yule anayeuza cheti kwa siku tatu. Pasipo kipimo, mwovu ndiye mwenye bei nafuu, na mwema hufunga shule yake.

7. TUFANYE NINI?

Napendekeza mambo manne, yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tuanzie nyumbani. Parokia zetu, hospitali zetu na shule zetu zina magari na madereva. Tarehe 6 Mei 2017, wilayani Karatu, basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi lilitumbukia korongoni, na watu 35 wakapoteza maisha, wengi wao watoto. Simhukumu yeyote kwa tukio hilo. Nasema tu kwamba taifa zima lililia, na machozi yale yatudai kitu. Kabla ya kumwajiri dereva wa basi la shule, kamati isitosheke kuona leseni. Imwulize alifundishwa wapi, muda gani, na mambo gani. Mtu mwenye ujuzi apande naye na kumtazama akiendesha njia ile ile watakayopita watoto.

Pili, palipo na kituo cha ufundi cha jimbo kinachofundisha udereva, wakuu wake waanze kumkagua kila mwalimu akiwa ndani ya somo, walau mara moja kwa mwaka, na kumpa maoni kwa maandishi. Tusiwadai wengine jambo ambalo sisi wenyewe hatujalitenda.

Tatu, tuwafundishe wazazi na vijana kuuliza kabla ya kulipa. Je, mwalimu ana kibali cha kufundisha? Je, gari lina breki ya pili upande wa mwalimu, na kibao chenye herufi L? Je, ni saa ngapi za kuendesha, mbali na saa za kukaa na kusubiri? Je, mwanafunzi ana daftari linaloonyesha alichojifunza kila siku na alichobakiza? Shule njema itajibu kwa furaha.

Nne, Kamati zetu zipeleke suala hili, kwa adabu na kwa maandishi, kwa madiwani, wabunge na Kamati za Usalama Barabarani. Ombi letu liwe moja na lieleweke: kila anayefundisha udereva kwa malipo apimwe ufundishaji wake, si uendeshaji peke yake, arudie kupimwa kila baada ya muda maalumu, na majina ya waliothibitishwa yatangazwe mahali ambapo mwananchi aweza kuyasoma.

8. HITIMISHO

Ndugu wapendwa, mwalimu mmoja wa udereva aweza kufundisha mamia ya watu katika maisha yake ya kazi. Kila mmoja wao atawabeba au atawapita maelfu. Akifundisha vema, wema wake utasafiri katika barabara ambazo yeye mwenyewe hatazifika. Akifundisha vibaya, ubaya wake nao utasafiri. Basi tusikubali kazi nzito namna hii ifanywe bila kupimwa. Twamdai daktari cheti na mwalimu wa shule ukaguzi. Tumdai vivyo hivyo yeye anayeketi kando ya vijana wetu wanaposhika usukani kwa mara ya kwanza.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika mtaa au kijiji chetu, vijana wa magari, bajaji na bodaboda hufundishwa na nani? Kwa muda gani?

2. Ni tofauti gani tunazoziona kati ya dereva hodari na mwalimu hodari wa udereva?

3. Kwa nini kushindwa katika udhibiti wa hatari hakupaswi kufidiwa na alama za mambo mengine?

4. Je, madereva wanaowabeba watoto wetu kwenda shule walichaguliwa kwa kipimo gani? Nani katika jumuiya yetu atafuatilia, na atatuletea majibu lini?